Chupa Iliyooshwa Kila Jumamosi

Mama Pasi alitoka nyumbani saa mbili asubuhi na mifuko miwili, mmoja kila mkono, utadhani vilivyomo vingegombana vikikaa pamoja. Wa kulia ulikuwa na picha ya marehemu mumewe, imefungwa kwa gazeti. Wa kushoto ulikuwa na chupa nzito nyeusi, imeviringishwa kwa taulo. Mfuko mmoja ungebaki hotelini na mwingine ungerudi naye nyumbani. Upi ni upi, hakujua, na hilo ndilo lililomnyima hamu ya chai asubuhi hiyo.

Hoteli ilikuwa imempigia simu. Walikuwa wamepaka rangi upya ukumbi wa mapokezi na walitaka kutundika ukutani picha za wafanyakazi wa zamani. Mumewe alikuwa ametunza stoo yao ya vinywaji kwa miaka thelathini na moja. Mtu mwingine angefurahi, akaenda kutafuta fremu. Mama Pasi alikata simu, akakaa juu ya rundo la mashati ya watu, akasema peke yake, "Baba watoto, leo wanataka kukutundika ukutani, na mimi sijui kama unastahili."

Ni maneno mazito kwa mjane kuyasema, kwa hiyo acha tuyaeleze kabla hatujamhukumu mama wa watu.

Mumewe waliyemwita Mzee Funguo alitembea na shada la funguo kiunoni, zikilia tangu kona ya mtaa, hata mkewe alijua wakati wa kuweka chai jikoni. Alishinda katikati ya chupa elfu na mdomoni hakutia hata tone. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani bila funguo, kwapani ana chupa moja, amefurahi.

"Nimepewa na mgeni," alisema.

"Mgeni gani?"

"Mgeni aliyeshukuru."

Siku tatu baadaye habari zikafika. Walipohesabu stoo ili kumkabidhi mtu mpya, walikuta chupa moja ya mvinyo wa zamani wa porto haipo. Zilikuwa kumi na mbili za mwaka sitini na tatu, sasa zimebaki kumi na moja. Hakuna aliyemnyooshea Mzee Funguo kidole. Ila ile sherehe ya kumuaga waliyoahidi haikufanyika, na wenzake waliozoea kupita Jumapili kupiga soga wakapotea mmoja mmoja. Jioni moja mkewe alimuuliza tena, "Mgeni gani?" Maneno yalikuwa yaleyale, lakini swali lilikuwa jingine. Mzee alimtazama, akaelewa anaulizwa nini, akainuka akaenda kulala na jua bado halijazama. Hawakulizungumza tena miaka tisa, mpaka alipofariki. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu swali lile, na Mama Pasi bado alikuwa nalo kifuani kama kipande cha ugali mkavu kilichokataa kushuka.

Chupa ilikaa kabatini. Na hapa lazima tuseme ukweli kuhusu Mama Pasi: ni mwanamke asiyeweza kukiona kitu kina vumbi akakiacha. Kazi yake ni kupiga pasi mashati ya watu wa maofisini, chumba cha mbele, dirisha moja, meza moja, na kola ikitoka mikononi mwake unaweza kukatia mkate. Kila Jumamosi aliitoa ile chupa akaisugua kwa brashi na sabuni. Wiki ya kwanza lebo iliyokuwa imeliwa na unyevu ilitoka yote. Wiki ya pili aliona doa jeupe la rangi begani mwa chupa, akafikiri ni uchafu wa mafundi rangi, akalikwangua kwa kijiko hadi likaisha. Halafu aliisimamisha wima, kama chupa yoyote yenye adabu. Mzee Funguo akipita aliilaza. Yeye akaisimamisha. Mzee akailaza. Walifanya hivyo miaka tisa bila mtu kufungua mdomo, na ukiwauliza watakwambia hawakuwa wakigombana.

Hotelini alipokelewa na msimamizi wa vinywaji, msichana mrefu mwenye miwani na aproni nyeusi, aliyeajiriwa muda mrefu baada ya Mzee Funguo kuondoka.

"Shikamoo mama. Karibu sana. Umetuletea picha?"

"Marahaba mwanangu. Nimeileta, lakini sikupi bado." Mama Pasi aliweka mfuko wa kushoto mezani, akafungua taulo. "Kwanza niambie hii ni nini. Kama ni ile yenu iliyopotea, naiacha hapa, na picha narudi nayo nyumbani. Sitaki mume wangu awe ukutani wageni wakimpita na watu wa stoo wakimcheka kisogoni."

Msichana aliitazama chupa, kisha akamtazama mama. Hakujifanya haijui ile hadithi.

"Twende stoo," alisema. "Hapa mapokezi pana masikio mengi."

Stoo ilikuwa chini, ngazi kumi na nne, baridi kama ndani ya friji. Msichana aliwasha taa ya mezani, akainua chupa dhidi ya mwanga, akaiinamisha taratibu. Ndani, upande mmoja wa kioo, kulikuwa na tabaka zito la rangi ya kahawa.

"Hayo ni mashapo," alisema. "Basi ni porto kweli, na ni ya zamani. Unajua inavyotengenezwa? Zabibu zikishakamuliwa, maji yake yanaachwa yachache, lakini kabla sukari haijaisha yote wanayamwagia pombe kali. Uchachu unakufa papo hapo, utamu unabaki. Ndiyo maana inaweza kukaa miaka hamsini. Nyingine wanazizeesha ndani ya pipa, hizo hazina mashapo. Hii imezeekea ndani ya chupa, ikiwa imelala."

"Imelala?"

"Lazima ilale, mama. Ikisimama kizibo kinakauka, hewa inaingia, kwisha habari yake."

Mama Pasi alishika kiuno. "Mtu anajua hivyo na anashindwa kuniambia! Miaka tisa analaza tu, kimya kama jiwe!"

Msichana alicheka, akaenda kwenye rafu ya mwisho akarudi na mmoja wa wale ndugu kumi na mmoja. Aliziweka sambamba. Kioo kilikuwa kilekile cheusi, shingo ileile iliyovimba katikati, nta ileile nyekundu mdomoni. Begani mwa chupa ya hoteli kulikuwa na mstari mweupe wa rangi.

"Hii alama inaonyesha upande unaotakiwa kutazama juu," alieleza. "Ili ukiihamisha uilaze vilevile, mashapo yasitibuke. Yako haina, kwa hiyo..."

"Ilikuwa nayo," Mama Pasi alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Niliikwangua mimi. Kwa kijiko."

Mama Pasi akavuta kreti la bia akakaa. Mambo yote yalikuwa yakielekea kulekule alikokuogopa miaka yote, na yeye mwenyewe, kwa brashi na sabuni yake, ndiye aliyefuta maandishi ambayo yangemaliza maneno siku ya kwanza.

"Kuna njia moja imebaki," msichana alisema. "Kizibo. Wanakichoma chapa ya mwaka na jina la nyumba, yaani kampuni, iliyotengeneza. Lakini kukisoma ni lazima tuifungue. Ikishafunguliwa si kitu cha kutunza tena, ni kinywaji cha siku mbili tatu."

"Na ikiwa ni ya hoteli?"

Msichana alisukuma miwani juu. "Ikiwa ya hoteli, nitasema niliikuta imejificha nyuma ya rafu, ikaniponyoka mimi nikiipanga. Chupa zinavunjika."

Mama Pasi alimwangalia huyu mtoto wa watu, asiyemjua, ambaye hata Mzee Funguo hakuwahi kumwona, akijitolea kubebeshwa lawama. Machozi yalimlenga. "Mungu akubariki mwanangu," alisema. "Fungua."

Kizibuo hakikufaa. Kizibo kilikuwa kimeoza kwa uzee, kingevunjika makombo na maandishi yote yangekwenda nacho. Dawa yake, alisema msichana, ni koleo la chuma lenye mdomo wa duara: unalipasha moto mpaka liwe jekundu, unaibana nalo shingo ya chupa chini ya kizibo, kisha unaweka kitambaa cha maji ya barafu. Kioo kinakatika chenyewe. Koleo lilikuwepo, limening'inia ukutani. Shida ni kwamba yeye alikuwa amejaribu mara moja tu, chuoni, na chupa ikapasuka hadi kitako.

"Ulikosea wapi?"

"Walisema nilikuwa na haraka. Moto haujatosha."

"Basi lete hapa," Mama Pasi alisema akiinuka kwenye kreti. "Mvinyo siujui. Chuma cha moto nakijua tangu hujazaliwa."

Walipanda jikoni. Wapishi waliwapisha kwenye jiko la gesi huku wakitupiana macho. Mama Pasi alishika koleo kama anavyoshika pasi, kiwiko karibu na ubavu, akalisubiri. Msichana akasema tayari. Mama Pasi akasema bado. Lilipopata rangi ya nyanya iliyoiva msichana akasema tena tayari, mama akachovya vidole kwenye maji, akakirushia chuma tone moja, akasikiliza. "Bado." Tone la tatu lilitoweka kabla halijalia vizuri. Hapo ndipo aliibana shingo, akahesabu kimoyomoyo kama anavyohesabu kwenye kola ngumu, akaachia. Msichana akaweka kitambaa. Ikasikika *tik*, ndogo kama ya swichi ya taa, na shingo ikabaki mkononi, imekatika sawasawa.

Harufu ilijaa jikoni, ya zabibu kavu na karanga na kitu kama mbao za kabati la zamani. Mpishi mmoja alisahau sufuria yake. Mama Pasi hakunusa chochote. Alikuwa akitazama vidole vya msichana vikibandua kile kioo taratibu kutoka kwenye kizibo, vikikifuta, vikikigeuza chini ya taa.

Msichana alisoma. Akasoma tena. Uso ukamshuka.

"Pole mama," alisema. "Nilitumaini ni ya mwaka mzuri, ili walau uwe umewahi kumiliki kitu cha thamani. Hii ni ya sabini na nane. Nyumba ndogo hii, hata si ya kutafutwa sana. Sisi hatujawahi kununua kwao, si leo wala zamani. Ile alama nyeupe huipaka wengi. Ni ya kawaida tu."

"Rudia."

"Ni ya kawaida, mama."

"Si ya sitini na tatu?"

"Si ya hoteli kabisa. Mzee aliletewa na mtu kutoka kwingine."

Mama Pasi alishika ukingo wa meza. Kicheko na kilio vilimtoka pamoja, vikagongana mlangoni, akawa anafanya vyote viwili mbele ya wapishi saba. Hakuna mtu aliyewahi kushukuru kwa kitu cha kawaida namna ile. Alimshukuru Mungu, akamshukuru msichana, akambusu mikono yote miwili pamoja na kitambaa cha barafu. Alimshukuru mgeni asiyemjua, popote alipo, hai au mfu, kwa kumwona mtunza stoo na kukumbuka kumpa kitu. Ile chupa nyingine ilikwenda wapi hakuna ajuaye hadi leo, na kusema kweli Mama Pasi hakuuliza.

Mvinyo wenyewe waliuchuja kwa kitambaa safi, ukabaki pale pale jikoni. Wapishi walipata kidogo kidogo kwenye vikombe vya chai, wakamwinulia Mzee Funguo ambaye wengi wao hawakumjua. Mke wake alichovya ncha ya ulimi, akakunja uso, akasema ni tamu kuliko alivyodhani.

Kisha akafungua gazeti, akatoa picha. Mzee Funguo alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, kifua mbele, shati limepigwa pasi na tunajua na nani.

"Chini yake tuandike nini?" msichana aliuliza, kalamu mkononi.

"Andika alitunza stoo hii miaka thelathini na moja." Mama Pasi alifuta macho kwa taulo la chupa. "Na uandike hakuchukua kitu."

Msichana alisita. "Mama, tukiandika hivyo, asiyejua habari ndiyo ataanza kuuliza."

Mama Pasi akafikiri, akaona ni kweli.

"Basi andika la kwanza tu," alisema. "Hilo la pili nitakwenda kumwambia mwenyewe, kaburini kwake."