Pingamizi la Afande

Kanisani kwetu Kibamba, mchungaji akisoma matangazo ya ndoa, wote huwa tunageuza shingo. Tunaamini pingamizi likija litatokea nyuma, mlangoni, na litaletwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Jumapili ya tangazo la pili la binti yangu, pingamizi lilitokea mbele kabisa, kwenye kwaya.

"Mchungaji, naomba radhi. Huyo bwana harusi hana ruhusa ya kuoa."

Aliyesimama alikuwa baba mmoja wa makamo, mwimba besi, ambaye tulimjua kwa sauti yake nzuri na kwa sahani zake za pilau kwenye hafla. Akilini nilishamwona mke wa kwanza huko Temeke anakofanyia kazi kijana, na watoto wawili wanamwita baba. Dada yangu, aliyekaa pembeni, alinishika mkono kwa namna ya kunipa pole ya msiba. Binti yangu alikuwa anamtazama mchumba wake, na mchumba wake alikuwa amesimama mguu sawa, mikono ubavuni, kidevu juu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mkwe wangu mtarajiwa ni polisi.

Ofisini kwa mchungaji nilianza kufoka kabla sijakaa.

"Ana mke?"

"Hana, mama," alijibu yule mwimbaji. "Na ndivyo anavyotakiwa awe. Mie ndiye mkuu wake wa kituo. Tangazo la kwanza nilikuwa kazini, sikulisikia. Huyu bado yuko kwenye miaka yake ya mwanzo. Alipoajiriwa aliapa kwamba hajaoa, na hataoa mpaka muda upite na apewe kibali. Akivunja, anafukuzwa."

"Anafukuzwa kwa sababu ya kuoa?"

"Kuoa bila kibali, mama."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Uraia na Maadili. Miaka yote nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia kwamba mtu mzima anaoa anayempenda, ilimradi wamekubaliana. Sijawahi kuongeza kwamba konstebo hayumo. Nilishtuka kweli, na mimi nikishtuka hukasirika, kwa hiyo nikamgeukia kijana.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaleta washenga, tukapokea posa, tukaunda na kamati, umekaa na hili moyoni?"

Akasema kwa sauti ndogo kwamba wenzake kadhaa walifunga ndoa kimyakimya huko kwao bara na hakuna aliyewagundua. Kumbe kosa lake lilikuwa kuchumbia kwenye kanisa ambalo afande wake anaimba besi.

Kesho yake nilimfuata mwalimu mwenzangu ambaye ni mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Nilitaka anielekeze kwenye chama cha polisi, nikawake huko. Aliniangalia kwa huruma.

"Hawana chama, mwalimu. Sheria ya kazi yenyewe imewaruka. Inasema inawahusu waajiriwa, halafu inawatoa majeshi, na polisi wamo. Mie na wewe ni wafanyakazi. Yeye ni askari."

Siku zote nilidhani askari ni mfanyakazi, kama mwalimu, kama nesi. Kila Mei Mosi tunaandamana na fulana zetu tukiimba haki, nao wamepanga mstari pembeni wanatulinda, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini wao hawaandamani.

Nikaona basi, kama mwenye mali ni jeshi, jeshi ndilo la kuombwa. Nikavaa kitenge kizuri, nikamchukua dada yangu, tukaenda hadi kituoni Temeke.

"Shikamoo, mama. Tukusaidie nini?" aliuliza askari wa kaunta.

"Marahaba. Nimekuja kuposa."

"Kuposa nani?"

"Askari wenu mmoja. Binti yangu anamtaka."

Watu wote pale kwenye benchi walicheka, hata mmoja aliyefungwa pingu. Mkuu wa kituo hakucheka. Alitukaribisha ofisini, akatupa viti, akaniambia taratibu:

"Mama, ningenyamaza, picha za harusi zingemfikia mtu mwingine kabla keki haijaisha. Huyo asingesimama kanisani. Angemshtaki kijeshi, na kazi ingekwisha siku hiyohiyo."

"Sasa sie tufanyeje?"

"Mngoje."

Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tangazo la tatu halikusomwa. Kamati ilivunjika, na mtaani wakaanza kuniuliza harusi lini kwa ile sauti ya watu wanaojua jibu.

Tukangoja. Kijana alikuja kila alipopata mapumziko, akakaa sebuleni kwa adabu, simu mkononi, maana wakati wowote angeweza kuitwa. Binti yangu alikuwa na shahada na hana kazi. Alipeleka maombi kila mahali, akarudi, akapika, akafua, akangoja.

Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, kijana akaja anacheka peke yake. Kibali kimetoka. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Binti yangu hakuinuka kwenye kiti.

"Mie pia nina habari," alisema tulipoanza kula. "Nimechaguliwa. Polisi. Naenda chuoni mwezi ujao."

Niliketi. Kijana aliweka kijiko chini. Kati yetu watatu, yeye ndiye aliyeelewa upesi zaidi.

"Tukifunga ndoa kabla hujaenda?"

"Nafasi inapotea."

"Na ukishamaliza chuo?"

"Miaka ya mwanzo. Unaijua mwenyewe." Akamtazama, macho yamejaa maji. "Wewe ulikuwa unangoja ukiwa na kazi. Mie nilikuwa nangoja tu."

Kijana akauliza, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angepiga kelele: "Walipokuuliza kama umeolewa, uliwajibu nini?"

"Nilisema sijaolewa."

Nilitafuta uongo ndani ya jibu lile ili nipate pa kumgombeza, sikuuona. Tangazo la ajira lilitaka mtu ambaye hajaoa wala kuolewa, na binti yangu hakuwa ameolewa. Afande alisimama kanisani akahakikisha.