Karanga Moja ya Goreti

Kaa. Vuta hiyo kasha ya soda, kalia, simu weka chini. Hii si ya kusikiliza umesimama mguu mmoja nje. Mi shule niliachia la sita, kupamba maneno sijui, lakini hii nitaisema vile ilikuwa.

Nilipokuwa mtoto, vita ilikuwa imefika mpaka ku kona za mtaa wetu hapa Gitega. Siku moja mama akanipandisha gari ya mizigo, juu ya magunia ya chumvi, akanituma Muyinga kwa bibi, mama yake. Akasema, "Zuhura, kule iko shamba, iko maziwa. Kaa kimya, usinipelekee mdomo wa mtaani." Nilikuwa na miaka nane. Mdomo nilienda nao.

Muyinga iko joto kuliko huku, na mwaka ule jua lilikuwa limekataa kuondoka. Bibi alikuwa mjane wa mtu wa vitenge. Duka liliporwa, akabaki na shamba na ng'ombe moja nyekundu, jina yake Gaju. Mbegu ya karanga alikuwa ameitundika jikoni ndani ya kikapu, juu ya moshi, inangoja mvua.

Na alikuwa na Goreti. Goreti alikuwa na miaka kumi na moja hivi. Alikuja kutoka mlima wa ng'ambo baada ya kwao kuchomwa, mdogo wake Fide mgongoni. Wazazi hakuwataja, na sisi hatukuuliza. Wakati ule mtu alikuwa haulizi. Bibi akawapokea: Goreti anakatia Gaju majani, anateka maji, wanalala jikoni, na kila jioni Fide anapata nusu kikombe ya maziwa.

Huyo Fide alikuwa na miaka mitatu lakini hajui kutembea. Nywele nyekundu, tumbo mbele, miguu kama vijiti vya kiberiti. Alikaa mgongoni kwa dada yake siku nzima kama nundu. Goreti akipuliza moto, kwanza anageuza shingo kushoto, majivu yasimfikie mtoto usoni. Ile nusu kikombe ndiyo ilikuwa inamshika duniani. Kila mtu pale nyumbani alijua. Hata mi nilijua, na hiyo nataka uikumbuke.

Siku ya kwanza tu Bibi alinikalisha chini.

"Hapa kwangu iko sheria moja. Siku umekula karanga, maziwa huyagusi. Ukichanganya, ng'ombe inapasuka chuchu, inakamuliwa damu."

Nikamwambia, "Bibi, sheikh wa kwetu anasema hizo ni mambo za wapagani."

"Sheikh wenu iko na ng'ombe?"

"Hana."

"Basi."

Wiki tulikuwa tunaijua kwa moniteri. Huyo alikuwa mtu wa kilimo, anakuja kila alhamisi na baiskeli, kaye, daftari yake, imefungwa ndani ya plastiki, anaandika hali ya wiki nyumba kwa nyumba. Alikuwa hata hashuki vizuri, mguu mmoja unabaki ku pedali.

"Mama, amani? Mvua?"

"We imekulowesha wapi, tuikimbilie?"

"Maharage?"

"Jua limekaanga. Ungekuja na chumvi."

"Karanga?"

"Mbegu iko. Mvua ikitoka mi napanda."

"Ng'ombe?"

Hapo Bibi alikuwa anatazama pembeni. "Za nani? Mi sijui." Ng'ombe haihesabiwi kwa sauti, unaiita shida. Moniteri anacheka, anaandika moja, anaondoka mbio. Bariyeri ya wanajeshi ilikuwa inafungwa saa kumi, na ikikukuta nje hiyo ni shauri yako.

Alhamisi ya kwanza mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda. Ya pili, ngurumo upande wa Tanzania, basi. Ya tatu tukaanza kula mara moja kwa siku, mboga ya lengalenga na ugali wa muhogo mweusi ule wenye harufu. Mi mtoto wa mjini, nilikuwa nimezoea maandazi asubuhi. Njaa ya pale ilikuwa inanifuata mpaka ndani ya usingizi, naota natafuna.

Ijumaa moja mchana Bibi akaenda kuswali. Nikageuza kinu, nikapanda juu, nikaingiza mkono ndani ya kikapu.

Nilikula nyuma ya jiko, nimechuchumaa. Kiganja cha kwanza nilitaka kuonja tu. Cha pili nilirudi mbio. Cha tatu sikuona hata nimerudi lini. Karanga mbichi, tamu, inakuwa nyeupe mdomoni. Maganda nikayafukia na kisigino.

Nikainua macho, Goreti amesimama hapo, majani kichwani, Fide mgongoni.

"Yoo, Zuhura. Hiyo ni mbegu."

"Fungua mdomo."

"Hapana. Mi sitasema. Kweli sitasema."

"Fungua. Ukikataa, nitasema ni we umeiba. Kati ya mi na we, Bibi ataamini nani?"

Akafungua. Nikamuwekea karanga moja ku ulimi, nikamtazama mpaka ameimeza. Nikamwambia, "Sasa tuko wawili."

Watu wananiuliza mtoto wa miaka nane anatoa wapi akili kama hiyo. Mtaani. Aliyekula na we hawezi kukusema. Hiyo tulikuwa tunaijua kabla ya kujua kusoma.

Jioni Bibi akakamua. Kama ningesema leo sinywi, angejua palepale, basi nikanywa kikombe yote. Goreti akamnywesha Fide, halafu kikombe ikabaki mkononi mwake. Kila siku alikuwa anailamba chini, ile povu inayobaki. Siku ile akasita. Bibi akageuka, akamtazama. Goreti akalamba. Macho yake yalikuwa kwangu juu ya ukingo wa kikombe.

Siku ya nne asubuhi Gaju akampiga Bibi teke. Kiwele ilikuwa imevimba, moto ukiigusa. Maziwa yakatoka kidogo na uzi mwekundu ndani, halafu uzi ukawa mwingi kuliko maziwa. Bibi alibaki amepiga magoti, kibuyu mkononi. Akajaribu dawa ya majani, akajaribu maji ya moto. Siku mbili hivyo. Alhamisi kuku zikamaliza kazi: zikafukua nyuma ya jiko, zikatawanya maganda uwanjani, meupe, jua limeyapiga. Bibi akayaona. Akaingia jikoni, akashusha kikapu, akakipima na mkono. Kilikuwa chepesi.

Akatuita wote wawili.

"Sitapiga mtu. Nataka kujua tu. Nani alikula karanga?"

Mi nilikuwa nimeshatengeneza uso. Goreti alikuwa hana huo uso. Kwao kanisani walimfundisha kutubu, na kwa bahati mbaya alisikia.

"Mi nilikula, mama."

"Ngapi?"

"Moja."

Bibi akatazama uwanja mzima wa maganda. Akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu ameishiwa. "Moja! Na kuku zangu zimevaa maganda kama shanga! Na maziwa?"

"Nililamba kikombe."

"Karanga moja," Bibi akasema. "Zuhura, umesikia?"

Na mi nikacheka.

Hiyo ndiyo ninayo mpaka leo. Kunyamaza, ningesema niliogopa fimbo. Lakini mi nilicheka, kwa sauti, kama mtu anaangalia mpira.

Moniteri akafika hapohapo, baiskeli yake inalia mnyororo. Akaangalia Gaju, akashuka kweli mara hii, akagusa kiwele.

"Mama, hii ni ugonjwa. Uchafu unaingia ku chuchu, kiwele inaoza. Dawa iko, lakini iko Gitega na barabara unaijua. Hata wangekula gunia ya karanga, ng'ombe hasikii."

"We kazi yako kuandika. Andika."

Akaniangalia mi, akamwangalia Goreti, akaangalia jua limefika wapi. Akaandika. Nilikuwa karibu, nikaona kaye: mvua hakuna, mbegu imeliwa, ng'ombe moja mgonjwa. Mstari wa watu haukuwemo. Akapanda baiskeli.

Bibi hakuwa mtu mbaya. Hii naisema juu we hukumjua. Alimwambia Goreti polepole, karibu kwa upole: "Mbegu imekwisha, maziwa imekwisha. Nitawalisha nini? Na mkono uliomharibu ng'ombe hauwezi kumkatia majani. Nendeni kambini, kule wanagawa unga."

Kambi ya waliokimbia ilikuwa mbele ya bariyeri, mwendo wa saa mbili. Goreti hakulia. Alifunga Fide mgongoni, akafungua, akafunga tena vizuri. Fide anamvuta sikio, anasema, "Ata, ata." Ni maziwa kwa Kirundi cha mtoto. Saa ya kikombe yake ilikuwa inakaribia.

Goreti akapita mbele yangu. Akanitazama. Watu wakisimulia mambo kama haya wanasema ilienda haraka. Hapana. Haikuenda haraka hata kidogo. Uwanja wa Bibi ulikuwa mrefu, na Goreti alitembea pole kwa sababu ya mzigo. Ningeweza kusema mara kumi. Nilihesabu migomba aliyoipita, mpaka ya mwisho.

Wiki iliyofuata, jumanne, mvua ikanyesha. Mvua ya kweli, ya kuvunja matawi. Jumatano kiwele ya Gaju ikaanza kushuka. Kufika alhamisi nyingine maziwa yalitoka meupe, safi. Jirani akatupa mbegu kidogo, tukapanda.

"Mmeona?" Bibi akasema. "Wametoka, mvua imeingia."

Nikamwambia, "Bibi, tuwaite basi."

"Uwaite, mvua ikimbie?"

Moniteri akauliza ng'ombe, na Bibi, mara ya kwanza, akajibu kwa mdomo wake: "Iko, imepona." Moniteri hakuuliza kingine.

Jioni kikombe yangu ilijaa, na pembeni ikaongezwa nusu. Ile nusu. Nikainywa. Niliinywa kila siku mpaka mama akanichukua, na niliporudi Gitega watu walisema nimenenepa.

Gaju aliishi sana. Alizaa mara mbili. Alikufa vita imekwisha, kwa uzee.

Sasa sikiliza, juu hapa ndipo nilikuwa nakuja.

Mi nauza vocha na chaja ku parking hapa Gitega. Mwezi uliopita mwanamke mpya akaja na beseni ya karanga za kukaanga, akakaa hatua kumi kutoka kwangu. Sikumwangalia. Halafu akasugua karanga ndani ya viganja kutoa ngozi, na kabla ya kupuliza akageuza shingo kushoto. Mgongoni hana mtu. Lakini aligeuza.

Ni Goreti. Hakunijua. Niko mnene, nimejifunga mtandio, na jina hapa wananiita Mama Vocha. Nikajikaza, nikaenda na utani wa sokoni.

"Dada, siku nzima nakuangalia, we huonji biashara yako. Umetia sumu nini?"

Akacheka. Jino moja la mbele halipo. "Mi karanga sikuli, dada yangu. Tangu mtoto."

"Juu ya nini?"

Akanieleza, huku anafunga karatasi za wateja, kama mtu anaeleza njia ya kwenda sokoni. Kwamba kulikuwa na bibi moja Muislamu, Muyinga, aliwapokea vizuri. Kwamba kulikuwa na mtoto wa kike kutoka mjini, alimpa karanga moja, kwa roho nzuri tu, wote walikuwa na njaa. Akasema hivyo: kwa roho nzuri. Kwamba alilamba maziwa, na ng'ombe ya yule bibi ikafa.

"Ilikufa?"

"Ilikuwa inatoka damu, dada. Ilikufa tu. Na kambini hakukuwa na maziwa. Nilikuwa na mdogo wangu, Fide. Alifika mvua ya pili, hakupita hapo." Akapuliza ngozi, kushoto. "Nilimaliza ng'ombe ya mtu aliyenifungulia mlango, Mungu akanionyesha. Mi nimekubali, nimetulia. Ingekuwa alikufa bure bure, bila sababu, ningekuwa kichaa zamani."

Akanipa karatasi yangu, halafu akaniwekea karanga nyingine moja ku kiganja. "Na hii ya nyongeza."

Mi siamini tena mambo ya karanga na maziwa. Nilimuuliza mganga wa mifugo hapa mjini, akasema maneno yaleyale ya moniteri. Lakini kuchanganya sichanganyi, hata leo. Na ile karanga moja iko hapa mfukoni, imeanza kuwa laini kwa kushikwashikwa.

Nikimwambia ng'ombe haikufa, atajua maziwa yalikuwepo. Atauliza yalienda wapi. Nisipomwambia, ataendelea kujiita muuaji kwa kosa langu, na mi nitaendelea kununua karanga kwake, nacheka naye, kama nilivyocheka siku ile. Kesho asubuhi Goreti iko pale, hatua kumi. Atanisalimia yeye kwanza, anafanya hivyo kila siku.

We ungemwambia?