Jina la Mama Yake Mama

Jambo la kwanza mama alilotufundisha ni hili: ukipotea, useme wewe nani, binti wa nani. Yeye aliletwa Kipini akiwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa, kabla hatujakuwa na boma la Wazungu, baada ya ndui kuwaua wazazi wake huko Kilelengwani, juu mtoni. Bibi aliyemlea akampa jina jipya, Mwanaesha. Nikienda kisimani tu, mama husimama mlangoni hadi nirudi. Uzee ulipomlaza, alinishika mkono.

"Kumlilia mamangu namlilia, lakini jina lake silijui. Nenda Kilelengwani kaniulizie, mwanangu."

Kilelengwani tulifika jua la utosi, mimi na kaka yangu Bakari, mtumbwi umejaa maji naye amejaa lawama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga mpunga alisema walionusurika na ndui ile walihamia Golbanti. Bakari akatazama viganja vyake vilivyochubuliwa na upondo wa kusukumia mtumbwi, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya sioni.

Golbanti tulielekezwa shambani kwa bibi mmoja, jirani wa zamani wa wazazi wa mama. Alikuwa juu ya dungu, kile kilingo cha kulindia shamba, akiamia ndege kwa kombeo. Mpunga ulikuwa umeiva, hakuweza kushuka, basi tukamweleza habari za mama kwa kupaza sauti.

"Huyo mtoto alipelekwa Kipini, mguu yake iko na kovu ya moto?"

"Ndiyo, bibi. Wa kushoto."

Kombeo likatulia. Ndege wakashuka mpungani, asiwafukuze.

"Mimi nilimbeba mpaka mtumbwini. Alilia sana."

"Mama yake aliitwa nani?"

"Mama Hawayu."

"Jina lake mwenyewe, bibi. La kuzaliwa."

"Alikuja Kilelengwani kuolewa, alitoka mbali. Na mwanamke akishazaa, jina ya zamani nani anaita tena? Sisi tulijua Mama Hawayu tu. Hawayu ndiyo huyo mama yako."

Nililia pale pale, mpunga ukiliwa.

Kurudi, mto ulitubeba wenyewe. Bakari aliimba njia nzima, mimi nikiwa na hofu. Nilitumwa jina moja, nikarudi na jingine.

Kipini tulimkuta mama ameketi, macho mlangoni. Nikamweleza yote.

"Jina lake halikupatikana, mama. Lakini kila aliyemwita, alikutaja wewe."

Akasema, "Hebu niite, nisikie."

"Hawayu!"

"Abee, mama," akaitika, kwa sauti ya kitoto ambayo sijapata kuisikia kwake.