Maji Mapya Yakute Mwenyeji

Mama alikuwa mkali wa maji kuliko wa masomo. Ungeweza kurudi na ripoti mbovu ukasamehewa kabla ya chakula, lakini ole wako uchote maji ya kunywa kwa kikombe ulichokwisha kukitia mdomoni. Tuliishi nje kidogo ya Uriri, na maji yetu yalitoka mtoni, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyaacha yatulie kwenye ndoo, akayachuja kwa kitambaa cha marikani alicholetewa na baba kutoka Isebania, kisha akayachemsha mpaka kifuniko cha sufuria kikacheza. Majirani walimcheka. Walisema anawapikia watoto maji kwa kukosa mboga.

Yakipoa aliyamimina kwenye dapi, chungu chetu cha maji ya kunywa, kilichokaa pembeni mwa nyumba juu ya mchanga. Alipewa dapi hiyo na mama yake kule Rangwe alipoolewa, pamoja na maagizo: dapi haikaushwi. Ukiikausha inapasuka, na hata isipopasuka inapoteza ubaridi wake. Siku zote uache kidogo chini, maji mapya yakute mwenyeji. Mama hakuwahi kulivunja agizo hilo. Na kweli, maji yale yalikuwa matamu, yenye harufu ya udongo, wala hukusikia moshi wa kuni ndani yake.

Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini zilikuja mvua ambazo hazikujua kuacha. Vyoo vya watu vilibomoka vikaelekea mtoni. Kuni zetu zote zililowa, na kwa siku kadhaa mama alishindwa kuwasha moto wa maana. Alichuja tu. Maji yalitoka meupe, akayatia kwenye dapi huku akinung'unika. Kuni zilipokauka alirudi kuchemsha, na yaliyochemka akayamimina juu ya yale.

Mdogo wangu alikuwa hajaanza shule. Aliimba vibaya kwa sauti kubwa, na alinifuata kila mahali hata nilipomfukuza. Alianza kuhara asubuhi moja. Kufikia mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani. Mama alimbeba mgongoni kwenye matope hadi zahanati, nami nikawafuata nyuma. Foleni ilifika nje, na dripu zilikuwa zimekwisha.

"Mama, maji ya kunywa munachemsha?" muuguzi aliuliza.

"Tunachemsha, sista. Tena nachuja na kitambaa safi."

"Basi hayo hayo ndio utampea. Weka sukari na chumvi, mpee kidogo kidogo, usichoke. Kesho dripu zikifika umrudishe."

Mama hakuchoka. Alichota kwenye dapi, akakoroga, akamnywesha kwa kijiko. Mtoto alitapika, akaomba tena. "Miya pi," alisema, nipe maji. "Pi mang'ich." Alitaka yale baridi. Kila alipoomba, mama alimshukuru Mungu kwamba mtoto ana hamu ya kunywa. Mimi nilishika kikombe.

Alifariki kabla hatujamrudisha zahanati.

Watu walijaa nyumbani. "Kazi ya Mungu haina makosa," walisema, wakipuliza chai yao. Nilikuwa mtoto, na nilitaka kuwamwagia hiyo chai. Hata leo nikisikia maneno hayo matangani, natoka nje. Mama alikuwa na neno moja tu kwa kila aliyemshika mkono: "Lakini nilichemsha."

Waombolezaji walichota hadi dapi ikabaki na maji ya chini tu. Baada ya mazishi mama aliibeba nje, akaiinamisha. Kilichotoka mwisho kilikuwa tope la kijani, lenye utelezi, likinuka mto. Aliingiza mkono, akausugua ukuta wa ndani, akanusa vidole. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Mama aliketi kwenye matope akiutazama mkono wake.

"Nilimpa mimi," alisema. "Kwa kijiko."

Niliumia kuliko nilivyoumia kaburini, na sijapona.

Dapi ile haikurudi ndani tena. Tulikunywa maji ya vuguvugu, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, na hakuna aliyelalamika. Siku hizi mama huchemsha, huchuja, na bado hutia dawa. Lakini ukimtembelea, hujimiminia kwanza yeye. Anakunywa kikombe kizima, anakaa, na wewe unangoja na kiu yako. Kwa miaka mingi nilidhani ni heshima tu ya mwenye nyumba, kuonja kabla ya mgeni.

Juzi nilimpeleka mwanangu kumsalimia. Alikuwa ametoka kucheza juani, akanyoosha mkono achukue kikombe cha kwanza. Mama alimshika kiganja, taratibu.

"Ngoja, mjukuu wangu," alisema. "Yaanze na mimi."