Miche ya Papa

Miche ya nyanya ilipoanza kufa, nilimwambia kila mtu kwamba kosa ni la udongo.

Mtu asiyeishi Goma hawezi kujua tunavyohangaika na udongo. Parsele yetu, yaani kiwanja chetu, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na ukipiga jembe chini linalia, mkono unabaki na ganzi. Udongo tunaununua kwa magunia. Unateremshwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka upande wa Kibati, nasi tunaupakua polepole kama unga, tusimwage hata kidogo. Nyuma ya nyumba, mimi na baba yangu tulikuwa tumesimamisha miti ya mikaratusi tukaifunika kwa plastiki nyeupe, ikawa nyumba ndefu, ya chini, yenye joto. Majirani waliiita sere, kwa Kifaransa. Ndani yake tulikuza miche ya nyanya, bilinganya na kabichi, na wamama wenye bustani walikuja kuichukua ikishafika urefu wa kidole.

Sere ilikuwa ya baba yangu kuliko ilivyokuwa yangu. Alikuja kwangu vita vilipopanda hadi kwenye mlima wetu kule Masisi. Alifika na koti alilovaa, fimbo, na mbegu za maharage zilizofungwa katika mfuko wa sukari. Ng'ombe walibaki njiani mikononi mwa watu wenye bunduki. Mama alikuwa amekufa zamani, na mwaka ule shukrani pekee niliyoisikia kinywani mwa baba ilikuwa hiyo: kwamba Mama hakuona.

Miezi ya kwanza alikuwa akikaa kwenye kiti akiangalia ukuta wa mawe. Nikimletea chai anaipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Siku moja aliniambia, "Mama, hapa hakuna kazi ya mutu kama miye." Alikuwa akiniita mama tangu utotoni, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Ndipo nikauza cherehani yangu, nikanunua plastiki.

Tulipomaliza kujenga, akawa mtu mwingine. Aliamka kabla yangu. Nilikuwa nasikia plastiki ya mlango ikikunjwa, kisha kikohozi chake, kisha maji. Aligusa udongo kwa mgongo wa kidole, alikohoa, aliongea na miche kwa Kihunde. Nami nilikwenda sokoni nikijua kwamba nyumbani kuna mtu. Tuligawana kazi bila kukaa chini kuzungumza: yeye ananywesha asubuhi, mimi nahamisha miche jioni.

Kisha ugonjwa ukaingia.

Ulianza kwenye kona moja. Miche iliyochipuka vizuri na kusimama wima tuliikuta imelala, kama watoto waliochoka. Usawa wa udongo shina lilikuwa limekuwa jembamba kama uzi, la kahawia. Iliyobaki hai iligeuka manjano, majani yakajikunja. Niling'oa mmoja. Mizizi ambayo ingekuwa myeupe ilikuwa imeoza, na ilinuka kama maji yaliyolowekwa muhogo.

Baba aliikusanya iliyoanguka, akaipanga katika kiganja chake.

"Pole, Papa," nikasema. "Tutapanda ingine."

"Labda ni mukono wangu," akajibu. "Udongo wa huku hautaki mukono wangu."

"Mukono wako hauna kosa. Ni huu udongo, umekuja na ugonjwa."

Nilisema hivyo kwa uhakika kabisa. Nikachoma udongo. Niliuweka katika nusu ya pipa juu ya moto, nikamwagia maji, nikafunika kwa magunia hadi mvuke ukatoka, ili chochote kinachoishi ndani kife. Tukapanda upya. Miche ikachipuka, ikapendeza, ikaanguka.

Nikageukia maji. Tangi letu linapokea mvua kutoka kwenye mabati, na siku ambazo volkano ya Nyiragongo inatoa moshi mwingi mvua inakuja na uchungu. Mabati yenyewe yanaliwa. Nikasema basi, ni hilo. Nikaanza kubeba bidoni za maji ya bomba kutoka barabara ya chini. Mgongo uliniuma, miche ikaendelea kuanguka. Nikanunua mbegu nyingine, za kopo lililofungwa. Nikakata madirisha katika plastiki ili upepo uingie, maana ndani mlikuwa na unyevu hadi matone yalikuwa yanadondoka kutoka juu. Hapo ilionekana kupata nafuu kidogo. Nilifurahi, nikapika samaki. Baada ya muda mfupi ile iliyosimama nayo ikalala.

Wateja wakaanza kwenda kwingine. Hilo ningelivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni kumwona baba akirudi kwenye kile kiti chake. Kila miche ilipokufa, alipungua. Alianza kuacha chakula. Mara nyingine alikuwa ananiuliza jambo, namjibu, kisha ananiuliza tena. Nikajiambia ni huzuni.

Kulikuwa na mama mmoja, agronome, mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi kule Himbi na aliyewahi kununua kabichi kwangu. Nikafunga kisahani cha miche katika gazeti, nikamfuata. Alinipokea uani, akiwa amesimama. Hakuuliza mengi. Aling'oa mche mmoja, akauangalia, kisha akachota udongo na kuukamua ndani ya ngumi. Maji yakatoka kati ya vidole vyake yakadondoka kwenye kiatu.

"Dada yangu," akasema, "hii miche iko inazama."

"Haiwezekani. Tunanywesha mara moja tu, asubuhi. Siku ingine hata hatunyweshi."

"Nani ananywesha?"

"Papa yangu. Amelima maisha yake yote. Maji hawezi kukosea."

Hakubishana nami. Alifuta mkono kwenye kitenge chake. "Shinda nyumbani siku moja," akasema. "Uangalie tu."

Nilirudi na hasira. Njia nzima juu ya moto-taksi nilikuwa namjibu kimoyomoyo: huyu anamjua baba yangu kwa lipi?

Hata hivyo, sikwenda sokoni siku iliyofuata. Nilimwambia baba kwamba kichwa kinaniuma, nikakaa mlangoni mwa jiko nikichambua maharage. Kutoka hapo, kupitia dirisha nililokata katika plastiki, niliweza kuona ndani.

Alinywesha vizuri. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Aliinama, akashusha mdomo wa ndoo ya kumwagilia karibu na udongo ili majani yasilowe, akapita mstari kwa mstari bila haraka. Akamaliza, akaweka ndoo chini, akafunga mlango, akaenda kukaa kivulini huku akifuta mikono. Nikasema moyoni, umeona, wewe mama wa Himbi?

Maharage yangu hayakuwa yamefika nusu alipoinuka. Akaangalia mawingu. Akaenda kwenye sere, akakunja plastiki, akasimama mlangoni kama mtu anayewasili kutoka safari. Nikamsikia akigonga ulimi kwa huruma.

"Oo, watoto wangu," akasema. "Kumbe leo hamujakunywa."

Akajaza ndoo. Akainama, akashusha mdomo wake karibu na udongo, akapita mstari kwa mstari.

Sikusimama. Nilitaka kuamini kwamba ana sababu, kwamba ni ujuzi fulani wa wakulima ambao hakunifundisha. Akarudi kivulini, akafuta mikono, akakaa. Kisha akainuka mara ya tatu na kuangalia mawingu. Hapo ungo ukaniponyoka, maharage yakatawanyika jikoni kote, nikaenda.

"Papa, umeshamaliza kunywesha."

"Lini?"

"Sasa hivi. Angalia suruali yako."

Akaiangalia. Ilikuwa imelowa hadi magotini. Akaigusa, akakamua kitambaa kwa vidole. Nilikuwa nimemwona baba yangu na woga kabla ya siku ile, maana hakuna mtu wa kwetu ambaye hakuogopa. Woga huo mwingine aliufanyia kitu: aliukimbia, usiku na mchana, hadi akafika mlangoni kwangu. Kwa huu wa sasa hakuwa na pa kukimbilia. Ulikuwa ndani yake.

"Usiambie mutu," akasema taratibu.

"Sitaambia mutu, Papa."

Nikamwambia daktari tu. Daktari alimuuliza siku, mwezi, jina la mji, akamwomba achore saa. Kisha akazungumza nami kwa Kifaransa, nadhani kwa kumheshimu, ili mzee asisikie. Baba hakujua Kifaransa, lakini muda wote alikuwa anaangalia midomo yangu. Nilielewa kwamba kuna vidonge vya kumpa usingizi, na kwamba hakuna vya kumrudishia kilichoondoka. Tulipotoka aliuliza, "Amesema nini?"

"Amesema umechoka, upumuzike."

"Ni kweli," akasema. "Nimechoka."

Sasa nilijua miche inaumwa nini, na dawa yake ilikuwa rahisi kuliko zote nilizojaribu. Kuacha udongo ukauke. Kuinua visahani juu ya mbao ili maji yatoke chini. Kunyunyiza mchanga juu, kunywesha kidogo, basi. Mtoto angeweza. Ila ilibidi kwanza nimnyang'anye baba ndoo.

Niliificha chini ya kitanda changu. Siku hiyo alizunguka parsele yote akiitafuta, nyuma ya choo, ndani ya jiko, hata barabarani. Mwishowe akakaa chini kwenye mawe.

"Wameichukua," akasema. "Walichukua ng'ombe, sasa wamefuata hata hii."

Akalia. Alilia wazi, kama mtoto, bila kujifunika uso, huku watu wanapita. Nikaenda kuitoa ndoo nikamletea. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuwashinda wezi.

Nikajaribu njia nyingine. Akishanywesha asubuhi nilikuwa nafunga kitambaa chekundu kwenye mlango wa sere, tukakubaliana kwamba akikiona asiingie. Alikuwa anakifungua, anakikunja vizuri, ananiletea. "Mama, nguo yako imeanguka."

Jirani mmoja akanipa kona katika parsele yake, nyuma ya ukuta. Nilihamishia huko miche ya kuuza chini ya kipande cha plastiki, ikapona. Mashina yakanenepa, mizizi ikawa myeupe, wateja wakarudi wakinisifu. Na ndani ya sere nilimwachia baba visahani vyake. Nilimpandia nyanya nikijua kwamba atazizamisha. Nilikuwa nafukia mbegu kwa kidole, moja moja, kwa uangalifu uleule, na zilikuwa mbegu za kufa.

Haikunisaidia. Nilikuwa nimefikiri kwamba kunywesha kunamtosha. Nilisahau kwamba kila zilipoanguka alizikusanya kiganjani, akaniletea, na kila mara ilikuwa mara ya kwanza kwake. Huzuni nayo haikuwa na kumbukumbu. Ilikuja mpya, nzima.

Basi nikatoa nyanya zote. Rafiki yangu mmoja aliniletea magimbi, ambayo kwetu tunayaita mateke, kutoka mahali pa majimaji. Ni mmea usioshiba maji. Nikayapanda katika magunia ndani ya sere, na baba akayanywesha asubuhi, mchana na jioni, yakakua. Majani yakawa mapana kuliko kifua chake. Kwa msimu mmoja alikuwa na furaha, siwezi kusema vingine. Aliwaita wapita njia waje waone. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko nikimwangalia kati ya majani yale, nikitaka siku zisiende.

Zilikwenda. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya magimbi, ndoo imejaa, hainyweshi.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Ni mateke, Papa. Ni wewe uliyakomalisha."

Akaligeuza jani, akaangalia chini yake. Akanirudishia ndoo kwa adabu, kama kitu alichoazimwa. Hakuingia tena katika sere. Nilimwita mara nyingi, nikamshika mkono hadi mlangoni, alikuwa anasimama hapo na kugeuka. Magimbi yalikauka kwa sababu mimi nilishindwa kuyanywesha. Nilikuwa nafika na maji, moyo unakataa.

Sasa anakaa siku nzima kivulini. Bado nauza miche, sasa kutoka kwa jirani, na wamama wanaponiuliza kwa nini yao inaanguka nawaambia wakamue udongo ndani ya ngumi. Sina la kuongeza.

Juzi nilikuwa namnawisha mikono kabla ya kula. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, ameyapenda, ameacha vidole vilegee. Akaniangalia usoni kwa muda.

"Wewe ni mutoto wa nani?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo naye. Nilitaka kusema, wako. Lakini niliona namna alivyoniangalia, kwa heshima, kama mtu anayemsaili mgeni mwema, nikaogopa kumtia aibu. Nikamtajia mlima wetu. Nikamtajia mto ulio chini yake na upande ambao jua linachomoza. Nikamwambia baba yangu ni mkulima wa huko, mrefu, anapanda maharage, anaongea na mimea yake.

Uso wake ukafunguka.

"Namujua huyo," akasema. "Namujua sana. Mutu wa kazi. Ukimuona, umusalimie."

"Nitamusalimia, Papa."

Akanyoosha mkono wa pili, nikauosha.