Udi wa Jumatano

Nikiwa Nizwa niliuongoza mtambo wa mtandao wa ofisi yetu ya Ibra kwa kuandika amri tu kwenye skrini nyeusi. Jumatano moja, siku ya mwisho ya kazi ya wiki huku enzi hizo, mtambo ukaniandikia kwamba joto limezidi, kisha ukazima. Nikaendesha gari hadi Ibra nimefura kwa hasira. Kumbe bibi aliyetupikia kahawa pale, mzaliwa wa Unguja, alikuwa ameweka chetezo cha makaa chini ya kabati la mtambo, anaufukiza udi.

"Shikamoo bibi, lakini utauunguza!"

"Marahaba mwanangu. Chombo hakilali, kinatutumikia sote. Kwani udi ni wa wageni tu?"

Nikamwomba chetezo akiweke mlangoni, akakubali huku amenuna. Tangu hapo kila Jumatano niliuuliza mtambo joto lake, na likiwa limepanda kidogo nilijua bibi kaingia nacho tena. Nikacheka peke yangu.

Alipotangulia mbele ya haki, niliendelea kuuliza. Mtambo ukajibu kila wiki kwamba joto liko sawa. Sijapata kulichukia jibu zuri kama lile.