Mtu Asiye na Upande

Nilisoma Kilatini. Nikisema hivyo hapa Durban watu hucheka, nami hucheka nao, maana kazi yangu ni kuuza makava ya simu na chaja mlangoni mwa saluni. Lakini ni kweli. Kule Bukavu, katika shule ya mapadri iliyokuwa juu ya mteremko, nilichukua Kilatini na falsafa mpaka nikapata diploma ya sekondari, na masomo yangu yakaishia hapo. Baadaye nimekaa Kigoma, Dar es Salaam, Lilongwe na miji mingine ambayo nilipita tu. Kila nilipohama niliacha kitu: viatu, redio, safari moja godoro jipya kabisa. Kilatini sikuweza kukiacha. Kinanifuata pamoja na harufu ya ule ubao uliofutwa kwa kitambaa chenye maji, na mvua iliyopiga mabati mpaka mwalimu akanyamaza na kungoja ipite.

Mwalimu huyo ndiye aliyetufundisha habari za watumwa wa Roma. Alisema tusidhani kwamba mtumwa ni mtu aliyefungwa minyororo. Wengi hawakufungwa. Walipika, walinyoa watu ndevu, walifundisha watoto wa bwana kusoma, na wengine walivaa vizuri kuliko sisi tuliokuwa darasani. Kilichowafanya watumwa ni kwamba mbele ya sheria hawakuwa na baba. Mtumwa alizaliwa na mtu, bila shaka, ila mtu huyo hakuhesabiwa. Hakukuwa na yeyote aliyeweza kusimama mbele ya hakimu na kusema, huyu ni wangu, mbona mnamfanyia hivi? Hata hivyo Warumi walimweka mtumwa katika familia. Neno lenyewe ni la kwao, na ndani yake walihesabiwa watumwa pia.

Kabla yao, alisema mwalimu, kulikuwa na mwanafalsafa wa Wagiriki aliyefundisha kwamba watu wengine wameumbwa wawe vyombo, kama jembe au kitanda, ila ni vyombo vinavyopumua. Darasa zima tuliandika. Hakuna aliyeinua mkono.

Saluni ninayouzia iko nyuma ya maghorofa ya South Beach, mahali ambapo upepo wa bahari hufika ukiwa umebeba mchanga na karatasi za chips. Mwenyewe ni mwanamke wa kwetu, na sote tunamwita Mama. Kiti cha karibu na mlango amekodi kinyozi Mrundi, mtu wa maneno mengi, ambaye kila asubuhi huniuliza Warumi wangu wameamkaje. Wasusi wengine nao hukodi viti vyao. Msusi mmoja tu hakodi. Huyo ni binti wa Kibembe wa upande wa Fizi, kusini mwa Bukavu, mtu mzima sasa. Mama alimleta kutoka kambi ya wakimbizi akiwa bado msichana, baada ya watu wake wote kwisha vitani.

Binti huyo alisuka kutwa nzima, kisha akapanda mtaa wa Berea, mlimani, nyumbani kwa Mama, akapika, akaogesha watoto, akalala chumbani mwao. Hakulipwa, kwa sababu mtoto halipwi kwa mama yake. Karatasi yake ya ukimbizi ilikaa katika mkoba wa Mama ili isipotee. Wala Mama hakuwa mkatili, na hili nataka lieleweke. Alimnunulia nguo za Jumapili. Binti alipougua alikaa naye kliniki tangu alfajiri, akamlisha uji kwa mkono wake. Akimtambulisha kwa wateja alisema, "Uyu ni mtoto yangu wa kwanza," na alimaanisha hivyo.

Mwaka jana mwanamke mmoja alifungua saluni mtaa wa Overport, akamwambia binti kwamba kiti kimoja kitamngoja mpaka mwisho wa mwezi. Binti aliomba ruhusa, na karatasi yake. Mama alimuuliza watoto atamwachia nani. Waliendelea hivyo siku kadhaa, kwa sauti ya chini, huku wakisuka kichwa kimoja, huyu kulia na yule kushoto. Mpaka Jumamosi moja, saluni ikiwa imejaa, Mama akasema mtoto hahami kwa mama yake bila kuolewa. Binti akajibu, "Mama, mimi si mtoto wako."

Mama aliweka kitana mezani. Akatoka nje, akasimama karibu na meza yangu, akalia.

Kesho yake, baada ya ibada, ikawekwa kesi ya familia kwenye fleti ya Mama. Shemasi wa kanisa lao ndiye aliyeiongoza. Nilialikwa kwa kuwa ni mtu wa Bukavu. Kinyozi alikuja bila kualikwa, amevaa suti.

Kwetu, katika kesi ya namna hiyo, mtu hajisemei. Anasemewa na watu wake: baba mdogo, mjomba, kaka. Yeye hukaa chini, akasikiliza. Kwa hiyo binti alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, macho kwenye magoti, na shemasi, baada ya kuwasikiliza watu wa upande wa Mama, ambao walikuwa wengi na walizungumza sana, akauliza kama inavyoulizwa siku zote:

"Upande wa binti iko nani?"

Sauti ya taxi zinazoita abiria ilipanda kutoka barabarani. Nilimkumbuka mwalimu wangu. Hakuna aliyekuwa amemkatalia binti haki yake. Ila haki hiyo ilipaswa kuingia mdomoni mwa mtu, na mtu huyo alikuwa amezikwa Fizi.

Kinyozi akasimama. "Ni mimi."

Watu wakacheka. Kaka yake Mama akamuuliza, "Mrundi, tangu lini una dada Mbembe?"

"Tangu leo," kinyozi akasema.

Walicheka zaidi, lakini kicheko cha kumpokea. Shemasi alitafakari, akasema Mungu huwapa yatima ndugu, basi na akubaliwe. Binti aliinua uso. Sijawahi kumwona mtu akitazamwa vile, na kinyozi mwenyewe alilazimika kuangalia pembeni. Kisha akasema hakuja mikono mitupu, akaenda kwenye korido, akarudi na kreti ya Fanta, akaitua miguuni pa Mama.

Hapo nilijua, na nilikuwa nimechelewa. Nilipomwona akipanda ngazi na kreti ile nilidhani ametumwa na kanisa. Kwao Burundi, mtu mwenye neno zito hutanguliza kinywaji. Wakubwa wakishaonja, ndipo anapewa nafasi ya kusema. Kinywaji hufungua maneno. Kwetu kinywaji huja mwisho. Upande uliokosa huleta kinywaji kuomba msamaha, na upande uliokosewa ukinywa, maneno yamekwisha, hakuna anayeyafukua tena.

Nilisema, "Ngojeni kwanza," lakini wanawake walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Mama alilia tena, safari hii kwa furaha. Alifungua chupa, akanywa, akampelekea binti pale kwenye mkeka. Binti alimtazama kinyozi. Kinyozi, kwa kudhani mambo yanakwenda vizuri, akamwashiria anywe. Akanywa.

"Basi," shemasi akasema, "wamekunywa chupa moja. Tusimame tuombe."

Aliomba kwa muda mrefu. Tulipofumbua macho watu walianza kukumbatiana, na kinyozi alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, koti limefungwa vifungo vyote.

"Lakini bado sijasema," akasema.

"Umesema vizuri sana, kaka," shemasi akamjibu, akamshika bega.

Alijaribu. Alianza habari ya karatasi, akataja kiti cha Overport. Wazee walimnyamazisha kwa upole, kama unavyomtuliza mtu aliyefiwa. Mimi nilieleza kwamba Warundi hawana desturi hii, kwamba hakujua. Kaka yake Mama akaniuliza kama binti naye ni Mrundi, maana amekunywa. Wali uliletwa, na binti ndiye aliyeuleta.

Tulishuka kwa miguu kuelekea mjini mpaka kwenye robot ya pili, kama wanavyoita hapa taa za barabarani. Hapo, taa ikiwa nyekundu, kinyozi akaniambia, "Eish. Nimemuuza na Fanta."

Nilimwambia hakumuuza. Sikuamini niliyosema.

Mwezi ukaisha, kiti cha Overport kikachukuliwa na mwingine. Karatasi bado iko mkobani. Kilichobadilika ni kwamba binti sasa ana kaka, na Mama anamheshimu kaka huyo kwa dhati. Binti akinuna, au akichelewa kushuka kutoka Berea, Mama humwita kinyozi na kumwambia azungumze na dada yake. Naye huenda. Afanyeje? Amekubali kuwa upande wake, na upande ndiyo kazi yake hiyo. Zamani binti alipokataa kitu alikataa peke yake. Siku hizi akikataa anamwaibisha mtu mmoja ambaye aliwahi kusimama kwa ajili yake, na kwa hiyo hakatai.

Wiki iliyopita, mchana wa joto, wateja hakuna, binti alikuja kukaa kwenye ndoo karibu na meza yangu. Aliniuliza mtumwa wa wale watu wangu wa zamani akishaachiliwa alikwenda wapi.

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia wengi hawakwenda mahali. Aliyeachiliwa alichukua jina la bwana wake, akaendelea kumfanyia kazi fulani na kumheshimu mpaka kufa. Ila watoto wake aliowazaa baada ya hapo, hao walihesabiwa kuwa na baba.

"Watoto," akasema.

"Ndiyo. Watoto."

"Mi nitazaa lini? Nalala na watoto ya Mama."

Tangu siku ile ya kesi nimekuwa nikifikiria kuhama, labda Cape Town, labda nirudi Lilongwe, na nilitaka kumwambia kwamba kuna miji mingine. Lakini mimi nimeiona hiyo miji. Mtu asiye na karatasi wala upande hafiki popote, hata akiteremka kwenye basi.

Ndani Mama aliita, si kwa ukali. Binti hakuinuka mara moja. Kinyozi alizima mashine, akatoka mpaka mlangoni, nywele za mteja zikiwa bado zimemganda mkononi, akasema taratibu, "Dada, unaitwa."

Binti akasimama, akaingia.